Atasoma, Halafu Afanye Kazi Gani?

Hotuba kwa vijana waliomaliza kidato cha sita na wazazi wao, baada ya ibada ya pili

Bwana Yesu asifiwe.

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, mama zangu na baba zangu, wanakwaya mliokubali kubaki ilhali mnajua wali umeshaiva nyumbani, na ninyi vijana ambao siku hii ni yenu: wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Mwenyekiti wa vijana aliponipigia simu aliniomba nizungumzie masomo niliyosoma mimi, yaani zile sanaa huria za kale pamoja na theolojia ya Kilutheri, katika chuo cha Kikristo. Akaongeza, "Mwalimu, zungumza utakavyo, ila ujue wazazi wana swali moja tu." Swali hilo nalijua. Nimeulizwa na wajomba, nimeulizwa kwenye vikao vya harusi, na kijana wa bodaboda aliyenileta asubuhi hii naye ameniuliza: mtu anasoma Kilatini, mantiki na maandiko ya Luther, halafu anafanya kazi gani?

Ni swali la haki. Ada ni jasho la mtu, na mzazi aliyeuza ng'ombe ana kila sababu ya kuuliza anachonunua. Ninachoomba ni tusidhani kwamba limeletwa na uhaba wa ajira wa siku hizi. Liliulizwa Wittenberg, mji uleule ambako imani yetu ya Kilutheri ilianzia, miaka 500 iliyopita, na liliulizwa kwa ukali hata watoto wakatolewa shuleni. Yaliyojibiwa wakati ule ndiyo nitakayowaeleza leo, kwa sababu sijapata jibu zuri kuliko hilo.

Kwanza kitu chenyewe. Ulaya ya zamani ilihesabu sanaa saba zilizompasa mtu huru, yaani mtu asiye mtumwa. Tatu ni za maneno: sarufi, mantiki na balagha, yaani ufundi wa kusema na kushawishi. Nne ni za vipimo: hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Muziki kuwekwa kundi moja na hesabu kunawashangaza wengi, lakini mwalimu wa kwaya yupo hapa, atawaambia sauti nne zinapatanaje kama si kwa vipimo. Katika vyuo vikuu vya wakati ule hukugusa sheria, udaktari wala theolojia mpaka upite kwenye sanaa hizo.

Martin Luther alipita. Aliingia chuo kikuu cha Erfurt mwaka 1501, akapata shahada ya kwanza 1502 na ya uzamili 1505, kisha akaanza kusoma sheria kwa sababu baba yake, Hans, mtu wa shughuli za migodi ya shaba, alitaka mwanasheria katika ukoo. Julai ya mwaka huohuo radi ikapiga karibu na kijiji cha Stotternheim, kijana akaweka nadhiri ya utawa kwa hofu, na wiki mbili baadaye akawa ndani ya monasteri. Mzee Hans alikasirika vibaya sana. Kwa hiyo wazazi mlioletewa habari msizozitaka baada ya kulipa ada, mnaye mwenzenu.

Sasa twende Wittenberg. Tumezoea kusimulia Matengenezo ya Kanisa kuanzia kwenye mlango na nyundo, Luther akipigilia hoja zake 95 kwenye mlango wa kanisa, Oktoba 31, 1517. Lakini Mei ya mwaka huo, miezi mitano kabla, Luther alimwandikia rafiki yake Johann Lang kwa furaha kwamba theolojia yao na Mtakatifu Augustino vinaendelea vizuri chuoni, na Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, anashuka kidogokidogo. Sikilizeni hiyo ni barua ya namna gani. Ni mhadhiri anasimulia ratiba ya vipindi! Na zile hoja 95 zenyewe zilipangwa kwa mtindo wa zoezi la chuo: hoja zinaandikwa kwa namba, mmoja anasimama kuzitetea, wengine wanazishambulia, na kila mtu anatakiwa kutumia mantiki. Kabla ya kuwa vurugu za kanisa, Matengenezo yalikuwa mabadiliko ya mtaala.

Wala msidhani Luther alimfukuza Aristotle na mizigo yake yote. Katika kitabu chake cha mwaka 1520 kwa wakuu wa Ujerumani alitaka vitabu vya Aristotle vya fizikia, metafizikia, nafsi na maadili viondolewe, ila vya mantiki, balagha na ushairi vibaki, kwa maana vinawafaa vijana katika kusema na kuhubiri. Mtu aliyekuwa na hasira kama zake, na bado akachagua kitabu kimoja kimoja, huyo alisoma vizuri.

Agosti 1518 akafika Wittenberg mwalimu mpya wa Kigiriki, Philipp Melanchthon, umri miaka 21, mfupi na mwembamba, hata watu wakashuku kama chuo hakijapunjwa. Siku chache baadaye akatoa mhadhara wake wa kwanza juu ya kurekebisha masomo ya vijana, na shaka ikaisha. Luther alivutiwa mno. Alichodai Melanchthon ni kwamba wanafunzi warudi kwenye chemchemi, wasome Kigiriki na Kiebrania, wasome washairi na wanahistoria, waache kulishwa muhtasari wa muhtasari. Vijana, mnaosoma kwa "past papers" na makabrasha ya kunakili mnajua anazungumzia nini.

Nataka mkumbuke jambo moja juu ya mtu huyu. Ungamo la Augsburg, ambalo kanisa letu linalikiri mpaka leo, lilisomwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano tarehe 25 Juni 1530, na aliyeliandika ni Melanchthon. Hakuwa mchungaji. Hakuwahi kuwekewa mikono ya uchungaji maishani mwake. Alikuwa mwalimu wa lugha. Kanisa lilipotakiwa kusema linaamini nini, tena kwa utulivu, mbele ya watu wenye uwezo wa kuliangamiza, kalamu ilishikwa na mwalimu wa Kigiriki aliyekuwa akifundisha vijana mantiki na balagha.

Lakini nimeruka mbele. Turudi 1521, maana hapo ndipo swali letu lilipozuka.

Mwishoni mwa mwaka ule Luther alikuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, kwa kuwa Kaisari alikuwa ametoa amri akamatwe. Wakaja Wittenberg watu kutoka Zwickau wakisema Mungu anaongea nao moja kwa moja. Andreas Karlstadt, profesa aliyemtunuku Luther udaktari wa theolojia mwaka 1512, akaanza kudharau vyeo vya usomi. Baadaye alivaa nguo za mkulima akataka aitwe Ndugu Andreas. Mwalimu wa shule ya mji akawaambia wazazi wawachukue watoto wao. Kama Roho anafundisha, sarufi ya nini? Hoja hiyo mmeisikia. Ipo kwenye mikesha, ipo redioni, na wakati mwingine imo ndani ya sharika zetu wenyewe: mhubiri anajisifu kwamba hakukanyaga chuo, na watu wanapiga makofi.

Wazazi wa Wittenberg walikuwa na hoja nyingine, ya mfukoni. Zamani mtoto aliyesoma alikuwa padre au mtawa, analishwa na kanisa mpaka kufa. Sasa monasteri zinafungwa. Asome ili awe nani? Bora ajifunze biashara. Vyuo vikuu vikakosa wanafunzi, Erfurt hasa.

Luther alirudi Machi 1522 na kutuliza mji kwa mahubiri ya wiki nzima, na mwaka 1524 akaandika barua kwa madiwani wa miji yote ya Ujerumani akitaka wafungue shule. Ningependa madiwani wetu waisome. Anawaambia: kila mwaka mji unatumia fedha nyingi kwa silaha, barabara, madaraja na mabwawa ili ukae kwa amani, kwa nini usitumie angalau kiasi kama hicho kumweka mwalimu mmoja au wawili kwa ajili ya vijana maskini? Anasema shule ni za wavulana na za wasichana pia. Binti, anasema, anaweza kupata saa moja kwa siku ya kwenda shule na bado akamaliza kazi za nyumbani. Naona akina mama wanacheka. Saa moja! Basi tumpe haki yake kwamba alimtaja, tukiri pia kwamba alimpunja.

Kuhusu lugha za Biblia, ndipo alipotoa ule mfano wake maarufu: lugha ndizo ala, na ndani ya ala hiyo umo upanga wa Roho. Wale waliosema Roho anatosha hawakujibiwa kwamba Roho hatoshi. Walijibiwa kwamba Roho mwenyewe alichagua kuandikiwa kwa Kiebrania na Kigiriki.

Miaka sita baadaye, wakati Melanchthon yuko Augsburg, Luther hakuweza kwenda kwa sababu bado alikuwa chini ya amri ya kukamatwa. Akakaa katika ngome ya Coburg. Alifanya nini huko? Alitafsiri hadithi za Aesop, za mbwa mwitu na mwanakondoo, akiamini zinafundisha maisha. Na akaandika hotuba ndefu ya kuwasihi wazazi wawaache watoto wao shuleni. Humo anazipitia kazi moja moja: mchungaji, mwalimu, tabibu, mwanasheria, karani wa mji. Kuna mahali anawajibu wapiganaji wanaojigamba kwamba vita ni kazi ngumu na kuandika ni starehe. Anasema watu huona kalamu inashikwa na vidole vitatu tu, lakini mwili mzima na nafsi yote vinafanya kazi. Na juu ya ualimu anasema kwamba kama ingembidi aache kuhubiri, hakuna kazi ambayo angeipenda kuliko kufundisha shule.

Kwa hiyo jibu lake la kwanza kwa "atafanya kazi gani" ni jirani. Mji unahitaji watu wanaoweza kusoma mkataba, kuandika barua, kuhukumu kesi, kumfariji anayekufa, na watu hao hawaoti kama magugu.

Lakini kuna jibu lililo chini ya hilo, na hili ndilo la Kilutheri hasa. Mwaka 1520 Luther aliandika kitabu kidogo juu ya uhuru wa Mkristo. Kinaanza na sentensi mbili zinazoonekana kupingana: Mkristo ni bwana huru wa vitu vyote, hayuko chini ya mtu yeyote; Mkristo ni mtumishi wa wote, yuko chini ya kila mtu. Ukitaka kujua kama mtu ameshika mantiki, mpe sentensi hizo mbili umwombe aeleze kwa nini hazipingani. Maelezo yake ni haya. Mbele za Mungu umeshahesabiwa haki kwa imani, bure, kwa ajili ya Kristo; huna deni la kulipa kwa bidii yako. Basi bidii yako iende wapi? Mungu haihitaji. Jirani anaihitaji.

Wekeni hilo kwenye masomo. Kijana anayesoma ili athibitishe kwamba yeye ni mtu, ili ukoo umheshimu, ili amzidi binamu yake, huyo anasoma akiwa na hofu kila mtihani. Matokeo yakiwa mabaya, anaona maisha yake yameisha. Tumewazika vijana kwa sababu ya matokeo. Theolojia yetu inasema thamani yako haikuwa kwenye karatasi ile. Ulipewa katika ubatizo kabla hujajua kusoma. Ndiyo maana unaweza kukaa na Plato jioni nzima bila kuhesabu atakulipa nini.

Haya, nitoke kwenye nadharia niwaonyeshe darasa lenyewe. Nilisoma katika chuo kidogo cha Kilutheri katikati ya Marekani, mahali ambapo mahindi yanaanza pale uwanja wa mpira unapoishia. Kipindi nitakachosimulia kilihusu Katekisimu Ndogo, hii hii mliyoikariri kwenye kipaimara, iliyotoka 1529 baada ya Luther kuzunguka vijijini Saksonia na kukuta watu, pamoja na wachungaji wengi, hawajui chochote.

Mwalimu aliandika ubaoni maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani. Mnayajua: naamini kwamba Mungu ameniumba mimi pamoja na viumbe vyote, amenipa mwili na roho, macho, masikio na viungo vyote, akili na fahamu zote, na bado anavitunza, tena mavazi na viatu, chakula na kinywaji, nyumba, mke na watoto, shamba na mifugo. Akatuambia, "Tafuteni mtenda wa kila kitenzi." Tukaanza. Nani ameumba? Mungu. Nani amenipa? Mungu. Nani anatunza, nani anaruzuku, nani analinda? Mungu, Mungu, Mungu. Ukitoa lile "naamini" la mwanzo, mimi niko kila mahali, lakini kama mpokeaji. Kisha linakuja neno kwamba yote hayo ni kwa wema wa kibaba tu, bila mimi kustahili. Na baada ya hapo, mwisho kabisa, ndipo "mimi" anapopewa vitenzi vyake: napaswa kumshukuru, kumsifu, kumtumikia na kumtii.

Hiyo ni sarufi ya darasa la tano, na ndani yake mna theolojia yote ya kuhesabiwa haki. Huwezi kuhamisha ile shukrani ikaanza, neema ikafuata, bila kuharibu sentensi. Nilikuwa nimeyakariri maneno yale nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwa hofu ya mwinjilisti wetu, na sikuwahi kuyaona.

Mwalimu hakuishia hapo. Kanuni ya Imani inataja mbingu na nchi. Kwa nini Luther anataja viatu? Tulibishana karibu nusu saa juu ya viatu. Mmoja akasema ni kwa sababu katekisimu ilikusudiwa kwa baba wa familia kufundisha nyumbani kwake, na watoto wanavijua viatu kuliko nyota. Hiyo ni balagha, kumjua unayesema naye. Mwingine akasema hapana, ni hoja: Mungu asiyeshughulika na viatu vyangu hawezi kuwa baba. Mwalimu akawakataza kujibizana mpaka kila mmoja arudie hoja ya mwenzake, na mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema. Ilichukua muda. Jaribuni kwenye kikao cha ukoo muone.

Na nikatambua jambo ambalo ningependa walimu wa kipaimara walisikie. Mtoto anakariri, anaulizwa maana yake nini, kisha anasimama mbele ya usharika kukiri kwa kinywa chake. Sarufi, mantiki, balagha. Tunao mfumo huo katika kila usharika, tumeupokea kwa wamisionari wa Leipzig, Berlin na Betheli, na mara nyingi tunaishia hatua ya kwanza: kukariri, gauni jeupe, keki, picha. Swali la katikati tunalifanya nalo la kukariri jibu.

Mantiki kwa Mlutheri si anasa. Luther, akifafanua Wagalatia, alisema anayejua kuitofautisha vizuri Injili na Sheria amshukuru Mungu na ajue kwamba yeye ni mwanatheolojia. Kutofautisha ndiyo kazi ya mantiki. Mtu akikuambia toa mbegu ya laki moja Mungu akufungulie gari, amekupa sharti kisha akaliita habari njema. Aliyefundishwa kutenganisha sharti na ahadi anaigundua hila hiyo kabla hajafungua pochi. Asiyefundishwa atatoa, na asipopata gari atajilaumu kwamba imani yake ilikuwa ndogo.

Sasa nimesifu sana, na mtu mwaminifu lazima aseme upande wa pili. Vyuo vya Kilutheri vya Marekani vilianzishwa na wahamiaji, wengi wakulima maskini kutoka Norwei, Uswidi na Ujerumani. Kimojawapo ni Luther College, kilichoko Decorah, Iowa. Kilianza 1861, kwenye nyumba ya mchungaji huko Halfway Creek, Wisconsin, na wanafunzi 16, wakahamia Decorah mwaka uliofuata. Kwa nini 1861? Kabla ya hapo Wanorwei walikuwa wakiwapeleka vijana wao kusomea uchungaji St. Louis, kwa Wajerumani, chini ya C. F. W. Walther, msomi mkubwa kweli wa Luther. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, na suala la utumwa likaja mezani. Walther na wenzake walishikilia kwamba utumwa wenyewe, kwa mujibu wa Biblia, si dhambi. Wachungaji wa Kinorwei wakakutana katika sinodi yao, yaani muungano wa sharika zao, 1861, wakaandika tamko la namna hiyohiyo: ni uovu, ni adhabu, lakini wenyewe si dhambi. Walijua Kilatini, Kigiriki na Kiebrania wote hao. Waliokataa ni walei, wakulima wa ngano, ambao hawakuweza kuipangua hoja hatua kwa hatua lakini walijua kuna kitu kimeoza. Mchungaji mmoja, Claus Clausen, aliyekuwa ametia sahihi, akaifuta sahihi yake hadharani. Ugomvi ukaendelea miaka, naye akaishia kutoka katika sinodi 1868. Soko la watumwa la Unguja, kwa kumbukumbu tu, lilikuwa wazi wakati wote huo, lilifungwa 1873.

Sanaa za mtu huru, zikatumika kumtetea mwenye kumiliki watu. Hilo huwaambia wanafunzi wangu kila mwaka, na sina njia ya kulilainisha. Mantiki yao haikuwa na kosa la kanuni. Kosa lilikuwa kwamba walikaa na andiko na kamusi, na yule mtumwa hakuwa kwenye chumba. Luther mwenyewe alisema kazi ni kwa ajili ya jirani. Wao walimwacha jirani nje wakaendelea na mdahalo. Ukichagua chuo cha namna hii, uliza nani wamo darasani. Uliza pia kama wakulima wa siku hizi wanaruhusiwa kuwajibu maprofesa.

Niseme kidogo juu ya zile sanaa nne, kwa ajili ya wenzangu wa PCM, wa fizikia, kemia na hisabati, ambao wameanza kuangalia saa. Johannes Kepler, yule mtaalamu wa nyota wa Kijerumani, alisoma Tübingen ili awe mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1594, kabla hajamaliza, akapelekwa Graz kufundisha hisabati, na hakufurahi. Mwaka uliofuata akamwandikia mwalimu wake Maestlin kwamba alitaka kuwa mwanatheolojia na kwa muda mrefu alihangaika, lakini sasa anaona Mungu anatukuzwa pia katika elimu ya nyota kwa kazi yake. Ni yeye aliyegundua kwamba sayari huzunguka jua kwa njia ya duaradufu, yaani mviringo uliobanwa kidogo. Na kanisa lake mwenyewe, huko Linz, lilimnyima Chakula cha Bwana kwa sababu alikataa kutia sahihi kipengele kimoja cha mafundisho bila masharti. Bado alibaki Mlutheri. Kanisa letu lina watu wa namna hiyo hata leo, na si haba.

Na muziki: wanakwaya, huko nilikosoma mazoezi ya kwaya yalikuwa kwenye ratiba ya chuo, na aliyesimama kando yangu upande wa besi alikuwa akisomea kemia. Chuo cha St. Olaf, Minnesota, kina tamasha la Krismasi tangu 1912, wanafunzi wa fani zote wakiimba. Bach, yule mtunzi mkubwa wa muziki wa kanisa, alipokuwa Leipzig, kuanzia 1723, mkataba wake ulimtaka afundishe wavulana Kilatini pia, akamlipa mtu mwingine amfundishie. Hata yeye.

Basi, ajira. Kijana mwenye PCB anayetaka udaktari, hapa kwetu anaingia udaktari moja kwa moja. Aende, asipoteze muda kwa ajili yangu. Marekani ni tofauti, kule mtu husoma kwanza miaka minne chuo cha namna hii ndipo aombe shule ya udaktari au sheria, kwa hiyo msilinganishe bila kujua hilo. Wenzangu wa darasa wako kwenye ualimu, uandishi wa habari, uchungaji, uanasheria, benki, na mmoja anafuga ng'ombe wa maziwa na kusoma Virgil, mshairi wa Kirumi, jioni. Wengi wetu tulihitaji shahada ya pili au mafunzo ya kazi juu yake. Mshahara wa kwanza hautamfurahisha mjomba. Atakayewaambia vinginevyo anauza kitu.

Ada za vyuo vya Marekani ni kubwa, na bila ufadhili msianze. Zipo njia za uhusiano wa makanisa: Dayosisi ya Iringa na Walutheri wa Saint Paul, Minnesota, wana ushirika wao wa Bega kwa Bega tangu 1987, na watu huenda na kurudi. Lakini si lazima kupanda ndege. Makumira ilianza kama chuo cha theolojia huko Lwandai, Usambara, mwaka 1947, ikahamia Makumira 1954, na leo ni chuo kikuu; mtu anaweza kusoma pale theolojia, hata muziki, na Kigiriki kinafundishwa. Asiyeenda kokote anaweza kuanza na Katekisimu Ndogo na penseli, atafute mtenda wa kila kitenzi.

Mkienda kukagua chuo, msiangalie majengo. Ombeni kukaa katika kipindi kimoja. Angalieni kama mwanafunzi anaweza kumwambia mwalimu "sikubaliani" na akaulizwa "kwa nini?" badala ya kuambiwa akae chini. Angalieni kama theolojia inafundishwa na watu wanaosali, na kama hisabati inafundishwa na watu wanaopenda hisabati. Chuo kinachotumia jina la Kristo kuficha ufundishaji hafifu, kikimbieni hata kama kina kanisa zuri katikati.

Nimeongea kuliko nilivyopangiwa, na Baba Mchungaji ameshanitazama mara mbili. Mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja mshahara. Karibu, mama, tunakusikiliza.